Sifa ya Risasi

Msomaji wangu, kama umepata kusafiri kwa njia iendayo Lunga Lunga kutoka Likoni, umeona ya kuwa baada ya zogo la Ukunda barabara hutulia, ikapita katikati ya minazi na mikorosho, ikaiacha Gasi upande wa bahari, kisha ikafika Msambweni. Katika mji mmoja mdogo wa njia hiyo nilikuwa na duka la sukari, mafuta ya taa, na vitu vingine vya haja ya kila siku. Nililala nyuma ya duka hilo pamoja na mke wangu na binti yetu mdogo.

Usiku mmoja wa mwaka 2003 watu watatu waliingia. Walikuwa na mapanga. Walichukua mauzo ya siku nne, na mmoja wao, bila ya sababu niliyoijua, alinikata mkono wa kushoto alipokuwa akitoka. Kovu ninalo mpaka leo. Lakini kovu halikunisumbua kama jambo jingine, nalo ni kwamba binti yangu aliniona nimepiga magoti. Tangu usiku huo nilitamani bastola kama mgonjwa wa homa anavyotamani maji.

Sheria ya nchi yetu haimpi mtu bastola kwa kutamani. Sura ya 114 ya sheria za Kenya yataka mwombaji awe na sababu njema, na aonekane kuwa anaweza kuwa na silaha bila ya kuhatarisha usalama na amani ya watu. Nilichukua fomu, nikaisoma, nikaona ya kuwa kabla sijaijaza nafaa kujua ninaomba kitu gani. Basi nikaenda kuwauliza wajuzi.

Wajuzi wetu walikuwa wawili, nao walikaa kila alasiri chini ya mwembe mmoja wakicheza bao na kunywa kahawa chungu. Wa kwanza tulimwita Koplo, kwa kuwa alikuwa askari wa Keya katika ujana wake, kabla ya Uhuru. Wa pili tulimwita Inspekta, naye alistaafu katika polisi. Walikuwa marafiki kwa kila jambo isipokuwa hili nililokwenda kuwauliza.

“Mjukuu wangu,” akasema Koplo, “kapteni wetu alikuwa na bastola ya Webley ya zamani. Risasi yake nene, nzito, butu. Mtu akipigwa nayo hasogei hatua ya pili. Hizi za siku hizi ni sindano. Zinamtoboa mtu naye hana habari.”

Inspekta akacheka. “Uzito bila mbio ni gunia la chumvi,” akasema. “Mimi nilibeba ya milimita tisa. Jiwe dogo la kombeo huangusha ndege. Jiwe la kusagia litamwangusha nani? Tena, babu, ile Webley yako ilikuwa ikiruka mkononi kama jogoo. Risasi ya kwanza kwa adui, ya pili kwa mnazi.”

Nilidhani ni ubishi wa wazee wawili wa kijijini. Baadaye nikagundua ya kuwa walikuwa wakirudia, bila ya kujua, ubishi ambao wapiga shabaha wa dunia nzima wameushika kwa zaidi ya miaka mia.

Chanzo kimoja cha ubishi huo ni visiwa vya Filipino. Wamarekani walipopigana huko kuanzia mwaka 1899, na baadaye dhidi ya Wamoro wa kusini, maofisa wao walikuwa na bastola ya risasi iitwayo nukta 38. Ikaenea habari kwamba Mmoro alipigwa risasi hiyo mara kadhaa naye akaendelea kuja na upanga wake mpaka akamfikia aliyempiga. Mwaka 1904 jeshi likamweka Kapteni Thompson na daktari wake, Meja LaGarde, wafanye majaribio. Walipiga risasi maiti za watu, na ng'ombe hai katika machinjio ya Chicago, kisha wakatoa hukumu kwamba bastola ya vita isiwe na risasi iliyo chini ya nukta 45, yaani upana wa karibu milimita 11 na nusu. Kutokana na hukumu hiyo ilikuja bastola ya Colt ya mwaka 1911, ambayo sifa yake haijafa hata leo. Walakini waliosoma majaribio yale kwa makini wamesema kwamba ng'ombe walikuwa wachache, na wala hawakuanguka kwa utaratibu wowote wa kuaminika. Sifa ilijengwa juu ya msingi mwembamba.

Waingereza walikwenda njia nyingine. Webley ile aliyoisifu Koplo ilikuwa na risasi ya gramu 17 hivi, lakini mwaka 1932 jeshi lao lilichukua bastola ndogo zaidi iwe ndiyo rasmi, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, na askari asiye mzoefu aliweza kujifunza kuitumia upesi. Na ile ya milimita tisa aliyoibeba Inspekta ni kazi ya Mjerumani, Georg Luger, tangu mwaka 1902. Sasa ndiyo iliyoenea kupita zote katika majeshi na polisi wa dunia.

Wewe uliye shuleni, chukua kalamu unisaidie. Risasi ya milimita tisa ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde. Ile ya nukta 45 ina gramu 15, lakini kasi yake ni mita 255 tu. Mwalimu wako wa fizikia amekufundisha kwamba nishati ya kitu kiendacho ni nusu ya uzito wake mara kasi mara kasi. Fanya hesabu: ya kwanza utapata jouli 490, ya pili jouli 488. Zimelingana! Sasa zidisha uzito kwa kasi mara moja tu, upate kani ya mwendo: ya kwanza ni 2.8, ya pili ni 3.8. Hapo kubwa imeshinda mbali. Basi kila upande wa ubishi umejichagulia hesabu inayoupendeza, na hesabu zote mbili ni za kweli. Nilipowaonyesha wazee karatasi yangu, Koplo alitia kidole juu ya 3.8, na Inspekta akasema karatasi haijapata kukamata mwizi.

Nilikuwa na shangazi aliyekuwa muuguzi katika chumba cha upasuaji miaka mingi. Yeye hakucheza bao wala hakujua majina ya bastola. Nilipokwenda kufunguliwa mshono wa mkono wangu nilimwuliza, “Shangazi, risasi ipi ni mbaya kuliko nyingine?”

“Mwanangu,” akasema, “sijapata kuitambua risasi kwa kutazama jeraha lake. Daktari akiitoa tukaiweka sahanini, hapo ndipo mtu wa polisi husema ni kubwa au ndogo. Sisi hatuulizi ni ya namna gani. Tunauliza imepita wapi.” Akanieleza habari ya mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake, risasi imo tumboni, akaomba maji ya kunywa na kulalamika kwamba amesubirishwa. Akanieleza pia habari ya kijana aliyepigwa pajani, tundu dogo unaloweza kuliziba kwa kidole; mshipa mkubwa ulikuwa umekatika, naye hakuiona alfajiri.

Maneno hayo ya shangazi ndiyo waliyofikia wataalamu wa Marekani baada ya msiba. Tarehe 11 Aprili 1986, katika mji wa Miami, makachero wa FBI walipambana na wanyang'anyi wawili. Risasi moja ya milimita tisa ilimpiga mmoja wa wanyang'anyi mapema, ikapita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Mtu yule aliendelea kupigana, na makachero wawili wakafa. Risasi ikalaumiwa. FBI wakatafuta iliyo kubwa zaidi, ya milimita kumi, nayo ikawashinda wengi kwa kurusha mkono. Wakaipunguza nguvu, na kutokana nayo ikaja ya nukta 40 mwaka 1990. Na katika miaka ya 2010 wakairudia ile ya milimita tisa, kwa sababu risasi zake mpya zimetengenezwa vizuri zaidi, na watu wao walilenga vema zaidi walipoitumia. Wamezunguka karibu miaka 30 na kurudi walipoanzia. Natamani Inspekta angalikuwako Miami awapunguzie safari.

Lakini nisikudanganye kwamba jambo hili ni la kuchekesha tu. Sisi watu wa Kwale tumewahi kulipa kwa sifa ya risasi, ingawa kwa upande wa pili wake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na kwa siku nyingi zilizofuata watu waliokuja kutoka bara walichomewa nyumba na kuuawa. Vijana waliofanya hayo walikuwa wamelishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, wakapewa dawa, wakaambiwa risasi haitawaingia. Mmoja wao alisoma nami chuoni tulipokuwa watoto. Tulishika juzuu moja. Risasi ilimwingia. Nami nilipowauliza wenzake juu ya dawa ile, hawakusema kwamba dawa ni uongo. Walisema alivunja mwiko.

Jambo hilo si jipya Afrika ya Mashariki. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, watu walikwenda mbele ya bombom za Wajerumani na maji ya Kinjikitile miilini mwao. Lakini angalia jinsi imani inavyojilinda. Dawa isipofanya kazi, mwenye dawa amevunja mwiko. Na bastola isipomwangusha mtu, mwenye bastola alichukua risasi ndogo, au hakulenga vema, au bahati yake ilikuwa mbaya. Sifa yenyewe haiguswi. Mmoja anaamini risasi haitafanya lo lote, mwingine anaamini risasi moja itafanya yote, nami nilikuwa nimekaa katikati yao na fomu mkononi, nikitafuta hirizi ya milimita tisa.

Jioni moja, kabla sijaijaza, nilifanya jambo ambalo ningalipaswa kulifanya kwanza. Nilifunga duka, nikasimama pale nilipopigia magoti, nikanyosha mkono mtupu kama mtu aliyeshika bastola. Mwizi wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma ya mlango ule wa mbao kuna uchochoro wa hatua tatu, na ng'ambo ya uchochoro ni ukuta wa mabati wa jirani yangu, na chini ya ukuta huo hulala watoto wake wanne juu ya mkeka. Mwizi wa pili alikuwa penye mafuta ya taa. Wa tatu, yule aliyenikata, alikuwa amelipa mgongo pazia, na nyuma ya pazia alikuwa mke wangu na binti yangu. Niligeuza mkono huku na huku. Upande mmoja tu haukuwa na mtu aliyelala, nao ni upande wa bahari, na huko hakuna mwizi aliyesimama.

Nilirudi mwembeni kesho yake. Nikawauliza wazee, “Ukuta wa mabati, ipi hupita?”

“Zote,” akasema Koplo.

“Zote,” akasema Inspekta. Ilikuwa mara ya kwanza nawasikia wakikubaliana juu ya risasi. Inspekta akaongeza kwamba ziko risasi zenye tundu kichwani, ambazo hupanuka zikimpata mtu na aghalabu hubaki mwilini mwake. Risasi zinazopanuka zilikatazwa vitani kwa mapatano ya Hague mwaka 1899 kwa ukatili wake, lakini polisi wa nchi nyingi huzitumia mitaani kwa ajili hiyo hiyo ya kuwahurumia wapita njia. Nikamwuliza, “Na ile isiyompata mwizi, babu? Ile ya pili, ya mnazi?” Akainamia kete zake, hakunijibu.

Fomu sikuirudisha. Niliweka mlango wa chuma, nikawa nafunga duka baada ya magharibi badala ya saa tatu, na hasara ya saa hizo nimeihesabu, si ndogo. Tukapanga zamu ya ulinzi na majirani, kila mtu na filimbi yake. Siwezi kukuambia kwamba sikuogopa tena. Ziko nyumba nyingine na watu wengine, wenye kuta za mawe na adui mwenye bunduki, ambao hesabu yao yaweza kutoka tofauti na yangu, nami siwahukumu. Binti yangu sasa ni mtu mzima. Siku moja nilimwuliza kama anaukumbuka usiku ule, akasema anakumbuka harufu ya mafuta ya taa.

Koplo alifariki mwaka 2009. Inspekta angali hai, macho yake yamepungua, na hucheza bao na wajukuu. Kila nipitapo huniita na kuniuliza kama nimekwisha nunua, nami humjibu, “Bado, babu.” Kisha hunimiminia kahawa na kuanza maneno yake, na kwa kuwa upande wa pili hauna mtu tena, siku hizi huitetea ile kubwa.