Rimoti Iko Mkononi mwa Nani?

Mwaka jana kila nilipotoka Samburu kwenda Mariakani, muziki wa hoteli ya mama ulitoka na mimi. Simu ilikuwa yangu, akaunti yangu, bando langu. Nikishaondoka, spika inabaki ukutani kimya, madereva wanakunywa chai wakisikiliza malori ya wenzao yakipita barabarani. Siku moja nimerudi, mama akaniambia, "Wewe ukiondoka hata wimbo mmoja huniachii."

Hakukusudia kuniumiza, lakini iliniuma. Mnaonifuata hapa mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda. Ile laptopu ya masomo, mama aliuza mbuzi wanne kuinunua. Nilirudi nayo nyumbani skrini imepasuka, nikaisukuma chini ya kitanda nisiione. Kuna wenzangu wanaoposti kwamba kuacha chuo ni ujanja. Mimi sina huo ujanja. Mbuzi wanne ni mbuzi wanne.

Jioni hiyo nikaitoa.

Wazo lenyewe ni rahisi. Badala ya muziki kukaa kwenye simu ya mtu, unakaa kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na spika. Simu zinabaki kuwa rimoti tu. Wengine hununua Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, lakini laptopu iliyopasuka skrini inafanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu ukishaipanga huhitaji kuiangalia tena. Nikaazima TV ya jirani na waya wake, nikaweka Debian, kisha Mopidy. Hii ni programu ya bure iliyoandikwa kwa Python, inacheza muziki kimyakimya huko nyuma. Juu yake nikaongeza Iris, ukurasa unaoufungua kwenye simu ukapata nyimbo, kitufe cha kusimamisha na cha sauti.

Sitawadanganya eti ilikuwa dakika tano. Usiku wa kwanza muziki ulilia, lakini simu ikakataa kuiona seva. Usiku wa pili ndio nikagundua: Mopidy ikiwa mpya husikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani kompyuta inajisikiliza yenyewe tu. Unaingia kwenye faili la mipangilio, sehemu ya http, unabadilisha hostname iwe 0.0.0.0. Basi. Ukifungua anwani ya kompyuta yako na poti 6680, ukurasa huo hapo. Nikafurahi, nikafunika laptopu, muziki ukakatika! Kumbe ukiifunika inalala. Hilo nalo likanichukua saa nzima.

Ruta niliyotumia ni ya mtumba na haina intaneti. Hapa ndipo watu wengi hawaamini. Kuchagua wimbo uliomo ndani ya kompyuta hakuli bando hata kidogo, kwa sababu simu na kompyuta zinaongea humo humo hotelini.

Ila tahadhari: ukurasa wa Mopidy hauna nywila yake. Aliyeingia kwenye waifai yako amepata rimoti. Siku ya tatu dereva mmoja alipandisha sauti mpaka mama akamwaga chai. Kwa hivyo waifai iwe na nywila, na usiifungulie seva hiyo njia ya kutoka kwenye intaneti. Na kumbuka, kucheza muziki mahali pa biashara Kenya kuna leseni ya kulipia. Kuwa na seva yako hakukuondolei hilo.

Je, nachukia muziki wa mtandaoni? Hapana. Spotify ilipofika Kenya Februari 2021 nilikuwa wa kwanza kushangilia, na nyimbo mpya bado nazisikia mtandaoni. Ninachosema ni kwamba mlango wa mwenyewe, mwenyewe ndiye anayeufunga. Mei 2022 Spotify ilizima libspotify, kifaa ambacho Mopidy ilikuwa ikikitegemea kucheza nyimbo zake. Tarehe 9 Desemba 2024 ikazima Car Thing, kidude cha kuendeshea muziki ndani ya gari ambacho watu Marekani walikuwa wamekinunua kwa pesa zao. Kilikuwa rimoti, na rimoti haikuwa yao.

Sasa niwaambie kilichonigusa. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliichukua kaseti ya marehemu babu nikaihamishia kwenye laptopu. Ni sengenya, ngoma yetu Waduruma na jirani zetu Wadigo, iliyorekodiwa harusi ya ami yangu. Mtandaoni huipati. Mopidy ilipopekua mafaili ikaileta bila jina la msanii. Nikakaa kidogo, kisha pale penye msanii nikaandika jina la babu. Sikumwambia mama.

Nikambandikia karatasi ukutani: bonyeza kitufe, subiri dakika mbili, fungua simu. Kwa sababu kama bila mimi haifanyi kazi, basi nimebadilisha bwana tu, nimetoa kampuni nikajiweka mimi.

Wiki iliyofuata nikiwa Mariakani nikampigia simu. Nyuma yake nikasikia ngoma, halafu sauti ya babu.

"Mama, nani amekuwekea hiyo?"

"Nani aniwekee? Kwani rimoti si yangu?"

Akanyamaza kidogo, tukawa tunamsikiliza babu sote wawili. Halafu akasema, "Hii laptopu tuliinunua mbuzi wangapi vile?"

"Wanne, mama."

"Haya. Mmoja amerudi."

Na wewe unayesoma hapa, bando likiisha leo usiku, nyumbani kwako kitalia nini?