Mama na Wanawe katika Miji ya Ugeni

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukulia kwamba mgeni ana mwenyeji, na kwamba shamba lipo. Je, mgeni aliyefiwa na mwenyeji wake, naye ana watoto watatu wa kulea, hupewa jembe na nani? Swali hilo lilimkabili Sayyida Salme binti Said mjini Hamburg mnamo Agosti 1870.

Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Sayyid Said. Mwaka 1866 alitoroka kisiwani akiwa mjamzito, kwani mapenzi yake na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, yalikuwa yamehatarisha maisha yake. Mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa huko Aden, akapewa jina la Emily. Mtoto wao wa kwanza alifariki kabla ya kuiona Hamburg. Mama alifika huko bila kujua Kijerumani. Baada ya miaka mitatu tu, mumewe alifariki kutokana na ajali ya tramu iliyokokotwa na farasi. Mkubwa wa watoto waliobaki hakuwa ametimiza miaka mitatu. Mdogo alikuwa mchanga wa miezi michache.

Hapo ndipo safari yenyewe ilipoanza. Kutoka Hamburg walihamia Dresden, kisha Rudolstadt, hatimaye Berlin. Hawakuwa watalii wa kustaajabia majumba. Kuhama kwao kuliamuliwa aghalabu na uzito wa mfuko. Binti wa Sultani alifundisha lugha ili wanawe wale. Katika barua ndefu alizomwandikia rafiki wa nyumbani, ambazo hazikuchapishwa katika uhai wake, Ulaya ni baridi, milango iliyofungwa na upweke katikati ya umati.

Lakini kwa watoto, miji hiyo haikuwa ugenini. Kijerumani kilikuwa lugha yao ya kwanza, ilhali mama yao alijifunza ukubwani. Theluji iliyomtesa yeye, wao waliizaliwa nayo. Familia moja, chini ya paa moja, ilikuwa na kwao mbili. Mama alipoona kwamba wanawe hawajui lolote kuhusu asili yake ila kwamba ni Mwarabu wa Unguja, akaamua kuandika. Utotoni alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana hawakufunzwa kuandika. Mkono ule ule sasa uliandika Kijerumani. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886. Dunia ilizisoma kama habari za jumba la kifalme. Mwanzoni, hata hivyo, zilikuwa mazungumzo ya mama na wanawe watatu.

Mwaka 1885 aliwapeleka Unguja wakajionee. Walifika kwa meli ya Kijerumani wakati Ujerumani ilipokuwa ikimshinikiza Sultani Barghash, kaka yake Salme, kwa manowari. Barghash hakumpokea. Aliyekuwa akirudi kwao alionekana amekuja na wageni wenye mizinga, na wanawe, waliokuja kuona kwa mama yao, wakawa watalii. Mwaka 1888 alijaribu tena, akaambulia patupu. Baadaye aliishi Jaffa na Beirut hadi 1914. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la akina Ruete. Husimuliwa kwamba alikuwa amehifadhi mchanga wa pwani ya Unguja miaka yote hiyo.

Je, kazi ya kuwaandikia watoto ilipotea bure? Mwanawe wa kiume, Rudolph, mzaliwa wa Hamburg, aliliongeza jina la babu yake katika jina lake mwaka 1906, akawa Rudolph Said-Ruete. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kuhusu maisha ya babu huyo, ambaye hakuwahi kumwona.

Nyumbani ni nyumbani hata pangoni, husema Waswahili. Salme hakuweza kuwarithisha wanawe pango wala jumba. Aliwarithisha masimulizi, na mmoja wao akayageuza kuwa jina.