Barua haikufutwa

Wenzangu, leo naandika habari ya kompyuta lakini msikimbie. Ni habari ya kosa langu. Kuna kijana mmoja hapa Lobule ambaye nilimtwika kosa hilo kwa wiki tatu, na hakuwa na hatia.

Wanaotufahamu wanajua chumba chetu. Kompyuta nane za zamani, zote za Ubuntu, na moja zaidi pale kona tunaiita seva. Diski kubwa iko kwa seva. Kazi ya kila mtu inakaa huko, ndani ya folda moja, ili leo ukikalia kompyuta ya kwanza na kesho ya sita, barua yako uikute. Mfumo wenyewe unaitwa NFS. Kampuni ya Sun ya Marekani iliutoa mwaka 1984, na mpaka leo unafanya kazi hata kwa mashine ambazo wengine wangetupa.

Ila kompyuta haijui yenyewe kwamba folda iko kwa seva, lazima uiambie. Mimi niliandika mstari mmoja ndani ya faili la /etc/fstab: ukiwaka, chukua folda ya seva, ibandike mahali hapa panapoitwa /kazi. Hiyo /kazi ni folda ya kawaida, tupu, ndani ya kila kompyuta. Ya seva inakuja kulala juu yake kama mkeka juu ya sakafu.

Shida ilianza na umeme. Siye tuko na sola. Asubuhi mtu anawasha zote pamoja, na seva yetu ni mzee, inaanza kwanza kukagua diski yake, polepole. Zile nane zinaisubiri. Skrini nyeusi, watoto wanapiga kelele, "Yaya, imekufa!" Nilichoka. Nikasoma kwamba ukiongeza neno nofail kwa ule mstari, kompyuta ikikosa seva itaendelea tu kuwaka. Nikaongeza. Halafu, juu nilichoka pia na watu kulalamika eti wamekataliwa ruhusa, nikafungua ile folda tupu kwa kila mtu, chmod 777. Nikajiona fundi.

Dada mmoja alikuwa anaandika barua ya kuomba DAFI, ule ufadhili wa chuo kikuu kwa wakimbizi ulioanza mwaka 1992 kwa pesa ya Ujerumani. Aliandika siku nzima kwenye kompyuta ya nne. Siku ya pili akarudi, barua hakuna. Tukatafuta kila mahali, hakuna. Siku mbili zilikuwa zimebaki.

Nani alikalia kompyuta ya nne baada yake? Yule kijana mgeni. Kikakwa na Lingala anajua vizuri, Kiswahili chake ni kidogo, na hakuweza kujitetea mbele ya watu kumi wanaomwangalia. Mimi ndiye nilisema, "Ni wewe umefuta." Hakujibu. Hakurudi tena. Dada aliandika barua nyingine usiku kwa simu, akaituma. Ananiambia mpaka leo kwamba ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Wiki tatu zikapita. Kichwa cha kebo ya kompyuta ya nne kilivunjika, nikaichomoa, nikaiwasha bila mtandao kuona kama mashine yenyewe ni nzima. Nikafungua /kazi. Barua iko pale! Na nyingine tano pamoja nayo.

Nilikaa chini. Nilifikiri kompyuta inanichezea.

Nilipoenda Arua kununua kebo nikamweleza mzee mmoja fundi. Hakushangaa hata kidogo. Alisema siku ile asubuhi kompyuta ya nne iliwaka kabla ya seva, ikakosa folda, ikaendelea kimya kama nilivyoiagiza. Dada akaandika juu ya sakafu. Kesho yake seva ikawahi, mkeka ukatandikwa, barua ikabaki chini yake. Ukitaka kuiona unaondoa mkeka: umount /kazi, basi. "Folda tupu inayokubali kuandikwa," akasema, "ni mbaya kuliko folda iliyokufa. Iliyokufa mtu anaona."

Akanionyesha autofs. Hii haibandiki kitu wakati wa kuwaka. Inangoja. Mtu akiingia /seva/kazi ndipo inaenda kuileta folda, na isipotumiwa kwa muda, sisi tumeweka sekunde 300, inairudisha. Mistari ni miwili tu. Katika /etc/auto.master:

/seva /etc/auto.seva --timeout=300

Na katika /etc/auto.seva:

kazi -fstype=nfs4,rw 192.168.1.10:/srv/kazi

Seva ikiwa haijawaka, /seva/kazi haipo kabisa. Unapata ujumbe wa kosa, unaenda kunywa chai, unarudi. (Wafanyakazi wa mashirika mnaotuletea kompyuta, ombeni fundi wenu aangalie hili kabla hajaondoka.) Jambo lingine: seva ikizimika katikati ya kazi, programu inaganda. Msibonyeze kitufe cha kuzima. Inasubiri, na seva ikirudi inaendelea ilipoachia.

Na muwe makini na namba za watumiaji. Seva haiangalii jina lako, inaangalia namba. Kama wewe ni 1001 kwa kompyuta moja na mwenzako ni 1001 kwa nyingine, kwake ninyi ni mtu mmoja. Siye tuliopanga foleni na kadi za namba hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa yule kijana nilienda kwa mguu, na mama mmoja anayejua Kikakwa ili asikose neno langu hata moja. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba hakufuta kitu, kosa ni langu, na nitasema hivyo mbele ya wale kumi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kompyuta nyingine nazo zina vitu chini.

Tulizikagua pamoja Jumamosi, moja baada ya nyingine. Tulipata mafaili 31. Moja lilikuwa lake, la siku yake ya kwanza, ambalo alidhani alishindwa kulihifadhi: jina lake, kijiji chao, shule, mistari minne.