Uso wa Dereva

Salgaa, Jumanne, 5 Agosti 2025

Familia ya dereva imefika na picha. Wanataka tisheti 60 nyeupe za mazishi, wino mweusi, kabla ya Jumamosi. Mama yake akaniambia, "Fundi, naomba awe yeye." Nimemjibu, "Sawa, Mama, atakuwa yeye." Ahadi hiyo ni nzito kuliko pesa za kazi.

Nimemwomba mdogo wake anitumie picha kama faili kutoka kwa simu iliyoipiga. Ile iliyokwisha kuzunguka WhatsApp imebanwa mpaka ngozi imekuwa mabaka.

Barabara hii inatuletea kazi za matanga mara nyingi. Ajali ya Migaa, karibu na hapa, ya 31 Desemba 2017 peke yake iliua watu 36. Kazi ya namna hii siiombi, lakini ikija inastahili mkono wangu wote.

Jumatano, 6 Agosti

Skrini ya kuchapia haijui kijivu. Mahali wino unapita, mahali haupiti, basi. Kivuli cha shavu lazima kivunjwe kuwa nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga, kisha jicho la mtazamaji liziunganishe. Nimempa kijana ninayemfundisha lenzi na ukurasa wa gazeti la Taifa Leo ajionee.

Yeye alipendekeza mistari 55 ya nukta kwa inchi ili uso uwe laini. Tukakaa na kikokotoo. Skrini yetu ni ya 77T, nyuzi 77 kwa sentimita, kwa hiyo kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 0.13. Kwa mistari 55, nukta ya asilimia 5 ina upana wa milimita 0.12 hivi. Itaangukia juu ya uzi na kupotea, na pamoja nayo mwanga wa paji la uso. Kwa mistari 35 nukta hiyohiyo inafika milimita 0.18, inapata pa kushika. Tumechagua 35, kwa pembe ya digrii 22.5 ili nukta zisigombane na nyuzi zikazaa mawimbi.

Akauliza, "Na lile kovu juu ya nyusi, mwalimu, si litamezwa?" Swali zuri sana. Familia ilitaka dereva asimame kando ya lori lake, uso ukiwa wa inchi 2. Hapo angepata nukta 70 tu kutoka sikio hadi sikio. Uso wa inchi 7 unapata 245. Nimempigia mama simu, amekubali: uso utajaza kifua, lori litakwenda mgongoni pamoja na jina.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Filamu angavu za kuchapia picha nimezitoa kwenye pakiti wakati wa kuchapa tu, kwa sababu unyevu huzifanya zinate.

Printa yetu ni ya kawaida ya wino, ya A4. Nimeiweka kwenye ubora wa juu na aina ya karatasi ya picha, ili imwage wino wa kutosha. Kabla ya hapo nimepunguza giza la picha kidogo, maana pamba hunywa wino na kila nukta hunenepa kwenye kitambaa. Kivuli kizito kabisa nimekikomesha kwenye asilimia 90.

Filamu ikikauka naiinua mbele ya balbu. Nyeusi ikivujisha mwanga, emalsheni, ile dawa ya skrini inayogandishwa na mwanga, itagandia mahali ilipopaswa kuoshwa. Kwa maandishi, watu hupandanisha karatasi mbili za kutresi kuongeza weusi. Kwa uso usifanye hivyo: zikipishana kwa unywele, kila nukta inakuwa mbili. Filamu moja nyeusi kwelikweli ndiyo dawa.

Ijumaa, 8 Agosti

Wingu halikubanduka, kwa hiyo jua tumeliacha tukatumia sanduku la taa kumulika skrini. Mwanga unaobadilikabadilika haufai kwa nukta ndogo. Upande wenye wino umegusa emalsheni, kioo juu yake, uzito juu ya kioo, pasiwe na nafasi ya mwanga kupenya pembeni. Muda wa kumulika tuliupata kwa kipande cha majaribio, tukisogeza kadi hatua kwa hatua.

Tisheti zimekamilika saa kumi jioni. Nyusi ipo, kovu lipo, weupe wa jicho uko wazi. Mdogo wake alipoifunua ya kwanza aliita jina la kaka yake kwa sauti, kisha akahesabu zote bila neno jingine.

Kijana amenakili vipimo vyote kwenye daftari lake. Nimemwambia aandike juu kabisa: anza na skrini uliyo nayo, tafuta nukta inayoweza kuishi ndani yake, kisha upange ukubwa wa uso. Wengi huanza na picha kwenye kompyuta na kuulaumu wino mwishoni. Wiki ijayo kuna kazi ya kwaya yenye picha ya mwalimu wao. Ataifanya yeye, tangu hesabu hadi kuosha skrini.