Nyumba Yenye Mbwa

Picha waliyotutumia wenyeji wangu wa Marekani ilikuwa na watu wanne na mbwa, na kwetu Kikwajuni, Unguja, aliyejadiliwa ni mbwa. Bibi aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Huyu analala nje, ama vipi?" Mbwa mwenyewe alikuwa amejinyoosha juu ya kochi, kichwa kwenye mto. Mama alinyamaza. Baba, ambaye ndiye aliyetia saini fomu ya safari yangu, alisema udongo wa kumtwaharishia mtoto upo hata Marekani.

Nilikuwa msichana wa miaka 16, nimechaguliwa kwenda kusoma mwaka mmoja kupitia YES, mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi zenye Waislamu wengi. Serikali inalipa nauli na gharama za mwanafunzi. Familia inayokupokea hailipwi kitu, inajitolea. Hilo ndilo lililomtuliza bibi. Mtu anayekulisha bure, alisema, hata kama ana mbwa, si mtu mbaya.

Kutoka Unguja hadi Doha, Doha hadi Chicago, kisha ndege ndogo isiyochukua hata saa moja hadi Cedar Rapids, mji wa jimbo la Iowa. Ya angani sina la kusimulia, nililala. Nilichokiona dirishani mwishoni ni mahindi, miraba ya kijani iliyopigwa rula mpaka macho yanapokoma. Hakuna jimbo la Marekani linalovuna mahindi mengi kuliko Iowa, na karibu yote si ya ugali wala ya kuchoma: mengi hugeuzwa ethanoli ya kuchanganya na petroli, na mengine ni chakula cha mifugo. Nguruwe wa jimbo hilo ni zaidi ya milioni 20, watu ni milioni 3 na kitu. Hesabu hiyo alinipa mtoto wa kiume wa familia, mwenye miaka 9, tukiwa garini kutoka uwanja wa ndege, kwa fahari kabisa, mpaka dada yake akampiga kiwiko.

Walikuja wote kunipokea, isipokuwa yule wa kwenye kochi. Mama wa nyumba alinikumbatia. Baba alinyoosha mkono, akakumbuka alichokisoma, akaurudisha kifuani na kuinama kidogo. Wazee wetu wenyewe hawafanyi vizuri zaidi ya vile. Wakaniambia niwaite kwa majina yao. Ulimi ulikataa. Mtu wa umri wa mama yangu nitamwitaje jina tupu? Tukakubaliana Mama na Baba, na nadhani walifurahi kuliko walivyoonyesha.

Saa mbili ya usiku jua lilikuwa bado linang'aa. Ndiyo Agosti ya huko: magharibi inaingia wakati kwetu watu wameshasali isha na wanakunywa kahawa barazani. Mama aliniuliza kama nina njaa. Nikasema, "La, ahsante."

Aliyelelewa Unguja anajua kuwa jibu hilo ni la kuanzia tu. Mwenyeji anatakiwa aape wallahi huondoki hujala, apakue bila kusikiliza, aseme hata tonge moja. Nami nikatae tena, kisha nile nishibe. Mama akasema haya, akanionyesha chumba changu, taulo na swichi ya taa, akanitakia usiku mwema.

Saa tisa ya usiku, ambayo Unguja ilikuwa saa tano asubuhi, usingizi umenikimbia na tumbo linanguruma. Binti wa nyumba, rika langu, alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono mpaka jikoni, akafungua friji na kunipitisha rafu moja baada ya nyingine: maziwa, mayai, jibini, zabibu, bakuli la wali na kuku wa jana. Akanieleza kwamba pale hakuna anayeomba ruhusa. Ukiona njaa unafungua, na ukimaliza kitu unakiandika kwenye karatasi ya mlangoni ili kinunuliwe.

Kufungua friji ya watu! Kwetu mtoto akifanya hivyo ugenini, mama yake hatoki nje wiki nzima kwa aibu. Nilikula wali nimesimama, mkono mmoja juu ya mlango wa friji kana kwamba nimeutuliza usipige kelele, na ndipo nikaiona karatasi yenyewe. Pembeni mwa orodha ya manunuzi palikuwa na zamu za kazi za nyumba, na jina langu limo, kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule wa majina mengine: Jumatatu na Alhamisi, kutoa vyombo kwenye mashine ya kuoshea na kuvipanga kabatini. Waliniandika kabla sijafika.

Mambo mengine yalitengenezwa kimya kimya, bila kikao. Vyoo vya Marekani havina maji ya kujisafishia, ni karatasi tu. Nilichukua kopo la Mama la kumwagilia maua, lenye mdomo mrefu, nikaliweka chooni. Kesho yake maua yalikuwa na kopo jipya, na lile la zamani limeachwa pale pale nilipoliweka, limeoshwa. Hakuna aliyesema neno. Baba naye alianza kupiga ukuta wa ngazi kwa vidole kabla ya kupanda juu, ili nipate nafasi ya kujifunika. Hakuwahi kuisikia hodi maishani mwake, ila alikuwa anaipiga. Jikoni kulikuwa na kikaango kipya kilichozungushiwa utepe wa buluu kwenye mpini. Hicho hakigusi nyama ya nguruwe, na mtoto wa kiume alijipa cheo cha kukilinda. Aliwahi kumfokea babu yake mzaa mama, aliyekuja kutembea Jumamosi na kutaka kukaangia soseji zake humo.

Kibla ndicho kilichotupotezea jioni nzima. Unguja hakuna mjadala: Makka iko karibu kwenye longitudo yetu, unageukia kaskazini na kazi imekwisha. Iowa nilitazama ramani ya ukutani, nikaona Makka iko mashariki na kusini kidogo, nikatandika msala kuelekea kabatini. Simu ikasema sivyo, ni kaskazini-mashariki. Nikaizima, nikaiwasha, ikashikilia hapo hapo. Nilipomweleza Baba, ambaye kazi yake ni ya vipimo na mitambo, macho yalimng'aa. Akaleta tufe la dunia la mwanawe na uzi wa cherehani. Akabana ncha moja ya uzi kwa kidole juu ya Iowa, nyingine nikaibana mimi juu ya Makka, akauvuta mpaka ukakaza. Uzi haukupita tulipodhani. Ulipanda juu ukaikata Kanada, ukavuka Atlantiki kusini ya Greenland, ukashukia Ulaya na kuteremka hadi Bahari ya Shamu. Ramani ya ukutani imeilaza dunia ambayo ni duara, ndiyo maana inadanganya njia fupi. Baba akapima pembe, akaja na utepe ule ule wa buluu, akapiga mstari juu ya zulia la chumba changu. Nilisali juu ya mstari huo mwaka mzima. Kwa uaminifu wote, ustadhi wangu wa madrasa hakuwahi kunifafanulia jambo hilo vizuri hivyo.

Tumfikie sasa mbwa. Alikuwa mweusi, mzee na mzito, na alinijia mlangoni siku ile ile pua mbele. Sisi Mashafii mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo; Wamaliki wana nafuu yao, ila sikwenda Marekani kubadili madhehebu. Mama alifunga mlangoni mwa chumba changu kile kizuizi cha fito wanachowekea watoto wachanga, na mbwa akawa analala upande wa pili, pua katikati ya fito, akinitazama nikifunua vitabu. Nilimpigia simu ami yangu mwenye elimu ya dini. Akaniambia kikavu kwa kikavu hakuna kinachohamia, cha kuangalia ni unyevu. Basi nikawa msichana pekee wa Iowa anayekagua pua ya mbwa kabla ya kupita. Nguo za sala nilizitundika juu kabisa, msala nikauweka juu ya kabati. Bibi alipopiga simu ya video, swali la kwanza lilikuwa yuko wapi. Nikamwonyesha. Alimtazama kitambo, kisha akasema, "Maskini, kazeeka kama mimi," na hilo likaisha.

Skuli ilifunguliwa mwishoni mwa Agosti. Wengi hueleza upweke wa skuli za ugenini, mimi wangu ulikuwa mfupi, kwani mlangoni palibandikwa tangazo la chanjo kwa Kiswahili. Cedar Rapids na mji jirani wa Iowa City zina Wakongo wengi, baadhi wakimbizi, baadhi waliopata viza za bahati nasibu. Msichana mmoja wa Bukavu alinisikia nikilisoma tangazo kwa sauti. Akanicheka. "Weye, Kiswahili yako ni ya mu redio!" Ijumaa hiyo akanichukua kwao tukala bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Mama yake hakuniuliza kama nina njaa. Sahani ilikuja, ikaongezwa, ikaongezwa tena, na nilipofunika mkono juu yake aliusogeza. Nilirudi kwa Mama wa Iowa nimevimbiwa na nimefurahi.

Mama ndiye aliyenipeleka kwenye msikiti ambao Wamarekani wenyewe wengi hawaujui. Ni nyumba ndogo ya mbao, nyeupe, ingepita kuwa ofisi ya diwani, ila ina kuba la kijani. Ilijengwa na wahamiaji wa Syria na Lebanon na kufunguliwa mwaka 1934, na ndiyo ya zamani zaidi inayosimama hadi leo kati ya zile zilizojengwa Marekani kwa nia ya kuwa misikiti. Wanauita Msikiti Mama. Waumini walipozidi walijenga kituo kikubwa zaidi mwaka 1971, wakauuza huu wa zamani, ukatumika hata kama kanisa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waislamu wakaununua tena na kuukarabati. Mimi niliyeambiwa nakwenda kuwaonyesha Wamarekani Uislamu nikakuta umefika kabla ya babu yangu kuzaliwa.

Tukitoka hapo nikasikia harufu ya shurba. Nilidhani ni njaa ya kwetu. Mama akacheka, akanionyesha kiwanda kando ya mto, jina limeandikwa juu kwa herufi kubwa: Quaker. Ni miongoni mwa vinu vikubwa vya nafaka duniani, na upepo ukikaa vizuri mji mzima unanukia oti iliyokaangwa. Bibi ana kopo la Quaker kabatini kila Ramadhani, lenye picha ya yule mzee wa kofia. Nilimtumia picha ya kiwanda. Alijibu akiuliza bei ya kopo.

Watu hunitaka nilinganishe, nani mkarimu zaidi. Ukarimu wetu umekatwa kwa kipimo cha mtu atakayeondoka: tunamlisha, tunamkatalia asiguse ufagio, tunamtandikia kitanda kizuri sisi tukalala chini. Wa nyumba ile umekatwa kwa mtu atakayekaa. Kwa siku mbili tatu, wetu hauna mfano. Kwa mwaka mzima nachagua friji isiyoombewa ruhusa na jina langu kwenye zamu ya vyombo.

Nayaandika haya kwa sababu Unguja familia nyingi hupokea wanafunzi wa kigeni wanaokuja kujifunza Kiswahili, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Jirani yetu alikuwa naye mmoja, Mjerumani, akanung'unika mtaa mzima kuwa mgeni wake hali, akiambiwa aongeze anasema ameshiba, na akishika ufagio ananyang'anywa kisha anakaa kinyonge. Ndugu zangu, yule msichana ameshiba kweli, na ufagio anautaka. Muulizeni mara moja, mwonyesheni jiko na friji, mpangieni siku yake ya kuosha vyombo na siku moja ya kupika. Na kama nyumba ina paka anayelala mezani, mtajieni mapema.