Kutaja Jina si Kujua Kazi

Jioni moja mkulima wa chai wa karibu na Kebirigo, huko Nyamira, alirudi kutoka kituo cha kuuzia majani akamkuta binti yake, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ameinamia karatasi ya mtihani wa Kiingereza huku machozi yakimlengalenga. Katika swali la alama nne alikuwa amepata moja tu.

Swali hilo lilihusu riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, The River Between, iliyotolewa mwaka 1965, ambamo mwandishi amevifananisha vilima viwili, Kameno na Makuyu, na simba waliolala. Binti aliulizwa hiyo ni mbinu gani, tena ina kazi gani. Akajibu kwamba ni tashbihi, kwa kuwa pana neno la kufananisha, akaishia hapo.

"Baba, jina nimelitaja sawasawa," alisema. "Nimenyimwa alama bure."

Mzee yule aliacha shule darasa la saba, wala hakupata kuisoma riwaya hiyo. Hata hivyo aliuliza, "Mwanangu, kwa nini simba? Mbona mwandishi hakusema ng'ombe waliolala?"

Binti akanyamaza, akafikiri. Ng'ombe aliyelala hamtishi mtu. Bali apitaye karibu na simba aliyelala hunyata. Ndipo alipofahamu. Watu wa vilima vile walishindana juu ya dini mpya na mila za kale, na utulivu wa nchi ulificha uadui. Neno moja, simba, lilikuwa limekwisha kumwonya msomaji kabla ugomvi haujazuka.

Bibi yake, aliyekuwa akiota moto, akadakia, "Nyumba yangu haina mlango!"

"Yai," binti akajibu upesi.

"Na nani alikuambia yai ni nyumba, mjukuu wangu?"

"Ndani yake mna uhai, bibi, nao umefungiwa."

Hapo akaitambua sitiari: kitu huitwa kwa jina la kingine moja kwa moja, bila neno "kama". Kitendawili ni sitiari iliyofichwa jibu lake, naye alikuwa akivitegua tangu utotoni.

Usiku ule aliandika upya daftari lake. Tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu tabia ya mtu, kama mto kuimba. Mwandishi hutaka tukione kitu kile kama mwenzetu. Kinaya ni maneno au mambo kwenda kinyume cha yatarajiwayo, kama mtu aliyechelewa kuambiwa, "Umewahi sana." Ishara ni kitu kinachobeba maana kubwa kuliko chenyewe. Mto Honia wa riwaya ile, ambao jina lake lina maana ya kuponya, huvitenga vilima viwili, lakini pia huviunganisha, maana watu wa pande zote hutumia maji yake.

Wako vijana wengi, Kisii na kwingineko, wanaokariri majina ya mbinu hizi usiku kucha, kisha mtihani ukiuliza kazi yake hukwama. Yafaa kila wakutapo mbinu wajiulize: kwa nini neno hili, wala si jingine? Mzazi asiyejua Kiingereza naye aweza kuuliza swali hilo jikoni kwake.

Kabla ya kulala, mzee aliomba jambo moja: kesho jioni asomewe kitabu kile tangu mwanzo, kwa Kiswahili, apate kujua kama simba wale waliamka.