Tusiligeuzie Ziwa Mgongo

Kila mwenye buvete ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Uvira anaulizwa na wateja wake swali lile lile: bwawa la kuogelea utajenga lini? Vijana wanataka pia spika kubwa, taa za rangi na mahali pa kupigia picha. Nawaelewa. Payote zetu, vibanda vya matete, zimezeeka, nao wakivuka kwenda Bujumbura wanakuta hoteli zenye mabwawa.

Na anayetaka bwawa ana haki. Viboko wapo, mamba wapo, na kipindupindu kimeisumbua Uvira miaka mingi. Siwezi kumwambia mama aliyekuja na watoto wake, "Ziwa ndilo hili, waogeshe." Kwa hiyo nimewachimbia watoto kidimbwi cha kina kifupi na kuwawekea bafu za maji ya bomba, lakini vyote viko nyuma, upande wa barabara. Mbele nimepaacha wazi: meza, mtumbwi wa kutembeza wageni, na jiko la mkaa la kuchomea samaki wa mukeke. Wapo wanaosema bwawa lingependeza zaidi pale mbele. Lingependeza kweli, ila anayekula angetazamana na saruji, na ziwa ndilo lililomtoa nyumbani.

Muziki upo, baada ya jua kuzama nyuma ya milima ya Itombwe. Kabla ya hapo, hapana.

Nikibishiwa huwa naitaja Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 isitekwe; Waingereza wakaiopoa, na 1927 ikarudi kubeba abiria. Baadaye injini zake za mvuke ziling'olewa zikawekwa za dizeli. Watu wa mwambao huu wote wakaendelea kuiita Liemba, maana bodi lilibaki lile lile na njia ile ile. Basi nami nabadilisha vya kung'oka: paa, vyoo, nyaya, viti. Mandhari siyagusi.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni haulizi, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Mto Ruzizi unalijaza ziwa kutoka Ziwa Kivu, mito mingine kadhaa inaongeza, na njia ya kutokea ni moja tu, Lukuga, kule Kalemie. Maji yakishapanda hayana haraka ya kushuka. Yalipanda 2020 na 2021, yakapanda tena 2024, yakaingia majumbani mwa watu. Ndiyo maana payote zangu mpya ni za mbao zilizofungwa kwa nati: zinafunguliwa, zinabebwa, zinasimikwa juu zaidi. Ukuta wa saruji haubebeki.

Ninyi mnaojenga sasa, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, waulizeni majirani maji ya 2024 yaliishia wapi. Jengeni nyuma ya hapo, na madirisha yatazame ziwani.